Kiti Kilichokaliwa

Tuseme ukweli tangu mwanzo: Mwalimu Priska Namwinga alikuwa na mdomo. Si mdomo wa matusi, hapana. Mdomo wa mtu anayejua jambo na hawezi kukaa nalo kimya. Akijifunza kitu Jumapili, Jumatatu lazima darasa zima likijue, hata kama mtihani hautakiuliza mpaka kiama. Walimu wenzake pale sekondari, juu ya barabara ya kwenda Mpemba, walimwita Redio. Yeye wala hakujali. Redio angalau inasikika, alisema, wengine hapa hata betri hawana.

Lakini mwaka 2013 haukuwa mwaka wa kuwa na mdomo. Matokeo ya kidato cha nne yalitoka mabaya nchi nzima, na wakuu wa shule walitembea kama watu waliofiwa. Mkuu wao, Bwana Zabron, aliitisha kikao akapiga meza mpaka vikombe vya chai vikaruka. "Silabasi na mitihani iliyopita, basi! Mwalimu atakayefundisha nje ya hapo atanitambua."

Priska alimsikia vizuri, masikio anayo. Ila Jumanne iliyofuata aliingia kidato cha tatu na kiroba kitupu cha mbolea na magunzi saba ya mahindi.

Alikuwa ametoboa kiroba matundu saba yaliyokaa duara na kupitisha magunzi, nusu yakatokeza juu na nusu chini. Akawaambia wanafunzi wawili wakitandaze hewani.

"Hiki kiroba ni ngozi ya seli," akasema. "Juu ni nje ya seli, chini ni ndani. Haya magunzi ni kitu kimoja, uzi mmoja wa protini uliopita kwenye ngozi mara saba, unaingia na kutoka. Kinaitwa kipokezi. Haya, mbwa akikukimbiza, mwili unamwaga adrenalini. Adrenalini inaingia ndani ya seli? Haiingii ng'o! Inafika hapa juu, inakaa katikati ya magunzi, ndipo kwenye kiti chake. Sasa msiangalie juu. Angalieni chini."

Akabonyeza kidole katikati ya magunzi. Kule chini, gunzi moja likabenuka kwenda nje, pakawa na uwazi.

"Mmeona? Aliyekaa yuko nje, lakini mlango umefunguka ndani. Na humo ndani kuna mjumbe anasubiri, protini G. Ameshika mzigo mkuukuu, hana kazi. Uwazi ukitokea anaingiza mkia wake pale, anatupa mzigo wa zamani, anachukua mpya, anaondoka mbio kuwaamsha wengine. Moyo unadunda, mikono inatetemeka. Na adrenalini bado iko nje vilevile!"

Akawaeleza jinsi kipokezi na mjumbe wake walivyowasumbua wataalamu miaka nenda miaka rudi, maana hawatulii hata kidogo, na ili eksirei iwaone lazima wagande pamoja mithili ya chembe ya chumvi. Mwishowe wataalamu wakachukua kitu kidogo kutoka kwenye damu ya lama, mnyama wa ukoo wa ngamia, kikawashika wote wawili kama mama anavyomshika mtoto mabega apigwe picha ya pasipoti. Picha ikatoka mwaka 2011, na mwaka uliofuata utafiti wa vipokezi hivyo ukapewa tuzo ya Nobeli. "Mwaka jana tu!" Priska akasema, macho yanamng'aa. "Na nyinyi mnaijua leo, hapahapa Tunduma, na magunzi ya mahindi!"

Ikram akanyoosha mkono. Huyu alikuwa binti wa Mwanamvita, mfanyabiashara wa vitenge aliyekuja kutoka Tanga zamani na sasa soko zima lilimwita Mama Ikram. Msichana alikuwa mpole, na si kawaida yake kuuliza.

"Mwalimu, mtu akitetemeka mbele ya askari, ni hicho kiti?"

"Ndicho hasa!"

"Na hakuna dawa ya kukizuia?"

Hapo ndipo mdomo ulipoponza kichwa. Swali zuri humlewesha mwalimu, na Priska alilewa. "Ipo! Inaitwa propranololi. Inakaa kwenye kiti kilekile lakini haisukumi chochote. Adrenalini ikija inakuta pamejaa. Moyo unatulia, mkono hautetemeki. Kuna hata wapiga muziki wanaoimeza kabla ya kupanda jukwaani." Kengele ikalia. "Alhamisi tutaona kiti kama hicho kwenye mapafu, na huko mambo ni mengine kabisa. Msikose!"

Alhamisi haikuja. Jumatano Mkuu alipita darasani, akakuta magunzi kwenye kiroba, akauliza ni takataka gani, akaambiwa. Alikikunja kiroba kwa mikono yake mwenyewe akakitupa shimo la taka. Kisha akamwita Priska ofisini. "Neno moja tena kuhusu hivyo vipokezi vyako, unapata barua." Priska alirudi darasani akafundisha maswali ya mwaka 2009. Alikasirika siku tatu, halafu kazi ikamzidi, akaacha.

Zikapita wiki sita.

Asubuhi moja ya Aprili, mvua inanyesha, alikuwa anasahihisha madaftari Ikram alipoingia mbio, hijabu imelowa chapachapa. Siku hiyo hakuwa ameonekana darasani.

"Mwalimu! Marta kabanwa na pumu! Yuko dispensari ya barabarani, hali yake mbaya!"

Marta alikuwa mdogo wake Priska, wa tumbo moja. Mama yao alipofariki Marta alikuwa na miaka tisa, na Priska ndiye aliyemlea, akamsomesha mpaka alipogoma kusoma, na akajifunza kuitambua pumu yake kwa mlio tu kutoka chumba cha pili. Sasa Marta alikuwa na miaka ishirini na mbili na alimwambia dada yake kwamba anauza chai upande wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka wa Zambia. Priska aliangusha kalamu akatoka hivyohivyo, chaki mikononi.

"Alikuwa na pampu yake?" aliuliza huku wanakimbilia bodaboda. Pampu ndiyo ile ya kupuliza mdomoni, Marta hakuwahi kutoka bila hiyo.

"Anayo. Ameipuliza mpaka imekwisha. Haisaidii."

Wakapanda mishikaki, dereva mbele, Ikram katikati, Priska nyuma. Pikipiki ilipoingia barabara kubwa na kuanza kupenya kwenye foleni ya malori, Ikram akaanza kulia kwa sauti.

"Mwalimu, Marta hauzi chai. Anabeba vitenge na kina mama."

Priska alijua maana yake. Wanawake wa kubeba mzigo huvuka na vitenge wamejifunga kiunoni na kifuani, vipande sita, vinane, wakatembea mbele ya watu wa forodha kama wajawazito au wanene wa kuzaliwa. Wengi hukamatwa kwa kitu kimoja tu: kutetemeka.

"Halafu?"

"Kuna kidonge wanameza kabla ya kufika getini. Mama anakinunua ng'ambo. Kila mtu lazima ameze, asiyemeza anaachwa, eti atawaponza. Wanakiita tulizo." Msichana akajifuta pua kwa mkono. "Mimi ndiye niliyemwambia mama. Ni ile dawa uliyotufundisha."

Mvua yote ile Priska hakuihisi tena. Wiki sita! Wiki sita wanawake wanameza somo lake, nusu ya somo lake, na nusu ya pili iko shimoni pamoja na kiroba.

Dispensari ilikuwa vyumba vitatu vya bati. Marta alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, ameinama mbele, mikono magotini, mabega yanapanda na kushuka, midomo imebadilika rangi. Alimwona dada yake akataka kusema, neno moja tu likatoka nusu. Tabibu Zebedayo, mtu mzima wa Vwawa mwenye mvi, alikuwa anafunga tena mashine ya mvuke. Mlangoni alisimama askari wa forodha, kofia mkononi, shati linachuruzika maji. Marta alimwangukia miguuni pale getini, na ni yeye aliyemtia kwenye gari. Na pembeni ya kitanda, mwili mkubwa, ushungi mweusi, kasimama Mama Ikram.

"Mwalimu, wewe ndiye ndugu yake?" tabibu aliuliza bila kugeuka. "Nimempa mvuke mara mbili na haushiki kabisa. Oksijeni hiyo naiona inabaki puani tu. Nawauliza hawa amekula nini, amemeza nini, hakuna anayenijibu!"

"Hajala kitu, tabibu," Mama Ikram akasema upesi. "Chai na andazi. Na hii baridi ya kwenu."

Kisha akamshika Priska mkono juu ya kiwiko, akaminya, akamnong'oneza. "Mwanangu, kofia ile ya mlangoni ni serikali. Ukifungua mdomo tumekwisha sote. Na nani aliyemfundisha Ikram? Wa kwanza kuulizwa ni wewe."

Ni kweli. Tusijifanye Priska hakuogopa, aliogopa sana. Aliiona barua ya Mkuu, akaiona ajira yake inakwenda na maji, akamwona Marta anapona na kupelekwa rumande. Hayo yote alipewa kuyawaza kwa muda wa pumzi moja, na pumzi ile Marta hakuweza kuivuta. Waswahili walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua. Basi potelea mbali!

"Amemeza propranololi," Priska akasema, kwa sauti ile ya kufika dawati la nyuma.

Zebedayo aligeuka, mrija mkononi. "Nini?"

"Propranololi. Asubuhi hii. Wanameza wote kabla ya kuvuka."

"Kwa mwenye pumu?" Tabibu alipandwa na damu usoni. "Mwendawazimu gani kampa mwenye pumu propranololi?"

"Utamtafuta baadaye. Sasa hivi dawa yako haina pa kukaa. Mvuke wako na pampu yake vinakwenda kwenye kiti kilekile kwenye mapafu, na kiti kimekaliwa! Ukimpa mara ya tatu, mara ya kumi, ni kumwaga maji nje ya ndoo. Una aminofilini?"

"Mwalimu, unanifundisha kazi?"

"Leo nakufundisha, na ukitaka kesho uje unichape. Aminofilini haihitaji kile kiti, inafanya kazi ndani kwa ndani. Unayo au huna?"

Wakatazamana. Zebedayo alikuwa tabibu kwa miaka ishirini na saba, na walimu wa biolojia kumpigia kelele kwenye chumba chake hakuzoea. Lakini alikuwa mtu wa haki. Aliitupa ile dawa ya mvuke kwenye beseni, akafungua kabati, akatoa vichupa viwili. "Ninayo. Na haidrokotisoni. Haya, mtoeni nguo za kifuani, nimsikilize vizuri."

Walipofungua blauzi wakakuta vitenge. Vimefungwa mbavuni tabaka juu ya tabaka, vimekazwa kwa kamba ya katani, vimelowa. Binti anapigania pumzi na kifua chake kimetiwa pingu! Tabibu hakungoja kufungua mafundo, alichukua mkasi akakata vyote kwa mkupuo, maua mekundu na ya kijani yakaanguka sakafuni vipandevipande. Mama Ikram aliguna. Priska akamkata jicho.

Sindano ile haisukumwi kwa haraka. Zebedayo aliisukuma polepole, dakika baada ya dakika, kidole cha mkono wa pili kiko kwenye mshipa wa Marta. Hapo askari wa forodha akapata sauti yake.

"Samahani, Mwalimu. Hicho kidonge wanakimeza kwa nini?"

"Ili wewe usiwaone wakitetemeka."

"Na wewe umejuaje?"

"Kwa sababu nilikitaja mimi, darasani, kabla sijamaliza kusema kinaua nani." Akamgeukia uso kwa uso. "Andika hivyo. Priska Namwinga, N-A-M, ukikosea utamkamata mtu mwingine bure."

Askari hakuandika. Alisogea akakishika kichwa cha mtungi wa oksijeni usiyumbe, akabaki hapo. Baada ya robo saa Marta alikohoa. Baada ya nusu saa mlio wa kifua, uliokuwa umepotea kabisa, ukarudi, maana hewa imeanza kupita, na Priska aliposikia ule mluzi wa zamani alioujua toka utotoni alikaa chini sakafuni juu ya vitenge vilivyokatwa, akalia kama mtoto. "Dada," Marta akasema. Neno zima. Mchana walimpeleka hospitali ya wilaya, akalala huko siku tatu.

Habari hazikukawia kufika mtaani. Vitenge vilichukuliwa, Mama Ikram alikaa kituo cha polisi siku mbili, na Jumatatu barua ilikuwa imeshachapwa, imewekwa mezani kwa Mkuu ikiwa na mstari wa kutia sahihi.

"Soma," Bwana Zabron akasema. Hakupiga kelele leo, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Unakiri kufundisha nje ya silabasi. Unakiri wanafunzi walitoka darasani kwako wakaenda kugawa dawa. Unaahidi hutarudia somo hilo. Ukitia sahihi nakutetea kwa afisa elimu. Ukikataa, unahama, na sijui utapelekwa wapi."

Priska aliisoma yote. Mkuu hakuwa mjinga, wala hakuwa mwongo. Dawa ilitoka darasani kwake, hilo hata yeye mwenyewe alikuwa akiamka nalo kila siku.

"La kwanza ni kweli," akasema. "La pili ni kweli, na linanichoma zaidi ya unavyodhani. Nilitaja dawa kabla ya kutaja hatari yake, kwa sababu ya kupenda kusifiwa na watoto. Hilo nitalibeba mpaka kaburini. Nipe karatasi nyingine nitayaandika hayo mawili kwa mkono wangu."

"Na la tatu?"

"La tatu, thubutu!"

"Mwalimu Priska."

"Mkuu, hatari ilikuwa ya Alhamisi. Jumatano ukanikata. Watoto walirudi nyumbani wanajua kidonge kinatuliza moyo, hawajui kinafunga mapafu. Kama ningeshika kopo nusu asali nusu sumu, nikakwambia ni asali, wewe ungeniambia ninyamaze au niseme yaliyobaki?" Akaisukuma barua kurudi upande wa pili wa meza. "Wanawake wa kubeba mzigo wako wengi kuliko hawa wa Mama Ikram. Wanajua nini? Wanajua nusu. Nihamishe, hata Galula kule mbali nitakwenda kwa pikipiki. Lakini kipindi cha nne leo ni changu."

"Ukiingia na somo hilo nakufuata hukohuko."

"Karibu. Viti vipo."

Alitoka miguu inamtetemeka, na wala hakuificha. Asubuhi hiyo alikuwa amemtuma Ikram sokoni na ujumbe mmoja.

Kipindi cha nne kilipoanza, wanafunzi walikuta wageni wameketi madawati ya nyuma: Marta, amejifunga sweta mpaka shingoni, wanawake watano wa kubeba mzigo wenye kanga kichwani, na peke yake pembeni, hamtazami mtu, Mama Ikram. Priska hakuwa na kiroba wala magunzi. Alisukuma madawati yakawa mstari mmoja katikati ya chumba.

"Mstari huu ni ngozi ya seli ya mapafu," akasema. Akaweka kiti chake cha ualimu kwenye uwazi katikati ya mstari. Akawaita wale wanawake watano na wanafunzi wawili, saba jumla, akawasimamisha duara kukizunguka, wameshikana mikono. Ikram akamweka upande wa ndani, nyuma ya duara, na mfuko mtupu mkononi. Mfuko uliojaa vitabu ukawekwa chini miguuni pake. "Ikram ni mjumbe. Hawezi kuondoka mpaka duara limfungulie. Marta, wewe ni dawa ya pampu. Njoo toka nje, ukae."

Marta akaja, akaketi. Akamvuta kwake mtu wa tano wa duara kama alivyoelekezwa, na wa sita, kwa kuvutwa mkono, akayumba kwenda nje kule nyuma. Uwazi ukatokea. Ikram akajipenyeza, akatupa mfuko mtupu, akachukua uliojaa, akatoka mbio kulizunguka darasa akigonga kila dawati. "Kila anapogonga, msuli unalegea na njia ya hewa inapanuka," Priska akasema. Darasa likacheka na kupiga makofi, hata wanawake wakacheka.

"Sasa turudi mwanzo. Anakuja kidonge, propranololi, mnaita tulizo. Nani atakuwa kidonge?"

Hakuna aliyejitokeza. Wanafunzi wakatazama madaftari yao.

"Kidonge nilikigawa mimi," ikasema sauti kutoka nyuma. "Kidonge nitakuwa mimi."

Mama Ikram alinyanyuka, akapita kati ya madawati kwa shida, maana mwili ulikuwa mkubwa na nafasi ndogo, akaingia kwenye duara akaketi. Kiti kikajaa. Hakumvuta yeyote, hakumsukuma yeyote, alikaa tu na mikono mapajani. Duara likabaki limefunga. Ikram, nyuma ya mama yake, akabaki amesimama na mfuko mtupu.

"Marta, njoo ukae," Priska akasema.

Marta akaja, akasimama mbele ya kiti. Hapakuwa na pa kukaa.

"Umebanwa, huna pumzi. Puliza tena. Mara ya pili. Mara ya tatu!"

Marta alijaribu. Akamsukuma yule mama begani, mwanzo kwa aibu, halafu kwa nguvu, halafu kwa hasira ambayo haikuwa ya mchezo, kwa ngumi zote mbili, na Mama Ikram hakuinuka. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, machozi yanashuka mashavuni, hayafuti, lakini hakuinuka. Hakuna aliyecheka sasa.

"Nilikukalia hivi, mwanangu," alisema. "Hivihivi nilikukalia."

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Bwana Zabron alisimama kizingitini na barua mkononi. Alitazama madawati yaliyopangwa ovyo, wanawake wa soko kwenye chumba chake cha darasa, na mama mmoja analia kwenye kiti cha mwalimu.

"Mama, inuka hapo," akasema. "Inuka sasa hivi utoke."

"Siinuki," Mama Ikram akajibu bila kugeuza kichwa. "Nitainuka akisema Mwalimu."

Mkuu akamtazama Priska. Darasa zima likamtazama Priska.

"Bado," Mwalimu Priska akasema. "Wa nyuma hawajaona."